Kamati ya Sura ya Tisa

Barua ya Madam Jelagat ilikuwa fupi, na hakukuwa na neno la uongo ndani yake. Hilo ndilo lililomuudhi Cheptoo. Kama mhariri yule angekosea hata mahali pamoja, angepata pa kushika, akamkasirikia kwa raha zake.

"Vita vya sura ya tisa vinasomeka kama kumbukumbu za mkutano," aliandika. "Upande mmoja unasonga mbele, upande mwingine unajibu, nyuki wanatokea, watu wanarudi nyumbani. Hakuna anayeogopa. Hakuna anayeumia. Niletee vita Jumatatu saa nne asubuhi. Ukikosa, nafasi yako ya mwaka huu nitampa mwalimu mmoja aliyeandika juu ya ufugaji wa sungura."

Cheptoo aliisoma kwenye simu, amesimama mlangoni mwa darasa la chekechea alikofundisha mjini Kitale, watoto wakinywa uji nyuma yake. Ilikuwa Alhamisi. Aliisoma tena, akaizima simu, akaiwasha, akakuta sungura bado wapo.

Riwaya hiyo ilikuwa imemchukua miaka minne. Aliianza kwenye madaftari yaliyobaki ya wanafunzi, akaimalizia kwenye kompyuta ya kuazima chumbani kwake Kibomet, mtaa wa hapo Kitale. Ilisimulia Watu wa Mlimani na Watu wa Bondeni, majirani wa zamani waliogombania kivuko cha kunyweshea ng'ombe, na msichana wa mlimani aliyekuwa ameolewa bondeni. Sura nane za kwanza Madam Jelagat alizisifu mpaka Cheptoo akaficha uso kwa mkono. Kila kitu kilipanda kuelekea sura ya tisa, kama njia ya kwenda Kapsokwony. Na palepale kwenye kilima chenyewe, pikipiki ikazima.

Alijua ni nani aliyeizima. Walikuwa wengi, na wote walikuwa jamaa zake.

Mambo yalianza Januari. Alimpigia simu mjomba wake Sifuna, kaka ya mama yake, bwana shamba mstaafu anayeishi Mabanga karibu na Bungoma. Alikuwa na swali moja tu, kwamba ngao za zamani zilitengenezwa kwa ngozi gani. Mjomba alisema hawezi kujibu hivihivi, lazima aone ngao yenyewe inavyotumika kwenye hadithi. Cheptoo akamtumia sura nzima. Hajamaliza hata kupika chakula cha jioni, akaikuta sura yake ya tisa kwenye kundi la simu la ukoo, lile la kutangazia misiba na harusi, na juu yake maneno mawili: "Someni, tujadili."

Walijadili. Kundi lile lilikuwa na pande mbili: ndugu za mama yake wa bondeni, Mabanga na Matulo, na ndugu za marehemu baba yake wa Kapsokwony, kule mlimani. Baba Mkubwa Kipkirui, aliyemtangulia baba yake kuzaliwa na ambaye ni mzee wa kanisa, alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba, na ng'ombe akilia katikati. Alitaka kujua kwa nini Watu wa Mlimani walikimbia. Cheptoo alimweleza kwa adabu kwamba ni majina ya kubuni tu, mlima wenyewe haukutajwa. Baba Mkubwa akauliza kuna milima mingapi huku.

Sasa, Cheptoo ni mtu ambaye msusi akimvuta nywele mpaka machozi yanamlengalenga, husema asante. Aliandika upya. Safari hii wakakimbia Watu wa Bondeni. Mjomba Sifuna hakutuma ujumbe wa sauti, alikuja Kitale mwenyewe, akaketi kitandani maana kiti kilikuwa kimoja, akamweleza kwa upole kwamba alimlipia karo ya chuo akijua atakuwa mwalimu, hakujua atakuja kuwatukana wajomba zake kwa maandishi. Cheptoo akaandika upya. Mara ya tatu mvua kubwa ikanyesha, kila mtu akaenda kwao. Wote wakalalamika kwamba inachosha. Mara ya nne akaleta nyuki. Nyuki wakawafukuza Watu wa Mlimani na Watu wa Bondeni kwa usawa, na kundi zima likashangilia. Nyuki hawana ukoo.

Hao ndio nyuki aliompelekea Madam Jelagat.

Lakini Cheptoo hakutaka kuwaonea jamaa zake. Kulikuwa na kosa lingine lililokuwa lake peke yake. Hakuweza kumpiga mtu. Katika rasimu zote nne mikuki yake ilichoma ngao, ilichoma miti, mmoja ulichoma kichuguu. Aliwahi kumruhusu kijana mmoja akatwe begani, lakini kabla aya haijaisha adui yake alikuwa tayari anamfunga jeraha kwa majani na kumuuliza mama yake hajambo. Cheptoo mwenyewe alipoisoma aliona haya, lakini hakuifuta. Alimpenda yule kijana.

Jioni ya Alhamisi alifanya kosa la pili. Aliandika kwenye kundi, kwa heshima zote, kwamba sura ya tisa lazima ibadilike ifikapo Jumatatu, kwamba safari hii kuna mtu atakayeshindwa, na kwamba anawaomba wampe nafasi. Alitarajia kunyamaziwa. Dakika kumi baadaye Mjomba Sifuna alitangaza mkutano wa dharura, Jumamosi saa nne, nyumbani kwake.

*

Palikuwa na ajenda. Iliandikwa kwenye karatasi ya mistari na kubandikwa kwenye kabati la vyombo: maombi, kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo, wafu, mengineyo. Mjomba Sifuna alikuwa mwenyekiti kwa sababu nyumba ni yake. Wekoye, binamu yake Cheptoo aliyewahi kuwa karani wa chifu, alikuwa katibu. Phelista, mama yake Cheptoo, alichaguliwa mwekahazina, na alipouliza hazina iko wapi akaambiwa aangalie chai isipoe.

Baba Mkubwa Kipkirui alifika na vumbi la njia nzima kwenye koti lake, bakora mkononi. Alisalimia kila mtu kwa jina, akauliza habari za mahindi, akasifu ng'ombe wa Sifuna aliyemwona njiani. Wazee hao wawili walikuwa wakwe kwa miaka thelathini. Walizikiana watu wao na kuozeshana watoto wao. Cheptoo aliwatazama wakikumbatiana akajiambia labda mambo yatakwenda haraka. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, daftari mapajani.

Hayakwenda haraka. Nusu saa iliishia kwenye suala la nani aliingia mtoni kwanza. Baada ya hapo wakaingia kwenye wafu.

"Mimi napendekeza tugawane," alisema Mjomba Sifuna. "Wawili wenu, wawili wetu. Hapo hakuna mtu atanung'unika."

Baba Mkubwa aliunga mkono, ila akaomba wale wawili wa mlimani wawe wazee, watu waliokwisha kula chumvi. Phelista akasema kutoka jikoni kwamba asiwe mtoto wa kwanza wa mtu. Mtu mmoja wa Matulo akataka wafe siku tofauti, ili mazishi yasigongane. Wekoye aliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, kisha akasoma kwa sauti: "Ilikubaliwa wafu wawe wanne."

Cheptoo alikuwa ameikandamiza kalamu kwenye karatasi mpaka imetoboa kurasa tatu. Alitaka kuwaambia kwamba vita si keki ya harusi. Badala yake alisema asante, akaongezewa mandazi.

Ndipo wakafika kwenye ngao.

Mjomba Sifuna alisema kosa kubwa la sura hiyo ni kwamba Cheptoo hajui ngao inavyoshikwa. Akainuka, akatwaa sinia la chai, akamwaga makombo yake kwenye sahani, akalishika mbele ya kifua. Ngao inashikwa hivi, alisema, watu wa bondeni walijua. Baba Mkubwa alicheka. Akasema ukiishika hivyo mkuki unakuingia chini, hapa, kwenye paja. Akainuka naye kuonyesha, bakora ikiwa ndiyo mkuki. Watu wakasogeza miguu. Phelista alitoka jikoni na birika, akaona, akasimama.

Walikuwa wakicheza. Wazee wawili wenye magoti mabovu, wakizungukana pole pole kando ya meza yenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Baba Mkubwa alichokoa chini, Sifuna akashusha sinia, likalia ting. Watu wakacheka. Akachokoa juu, likalia tena. Mtu wa Matulo alipiga makofi. Cheptoo mwenyewe alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Unaona sasa, mkwe," alisema Mjomba Sifuna, huku akihema, huku akicheka. "Hivi ndivyo tuliwazuia. Ndiyo maana mlikimbia."

Cheptoo hakuiona bakora ikiinuka. Aliona tu kwamba Baba Mkubwa ameacha kucheka, na mdomo wake ulikuwa bado haujapata habari. Kisha ukasikika mlio mkavu, si wa bati, mlio kama kuni inapovunjwa kwa goti. Sinia lilianguka. Miwani ya Sifuna iliruka ikapotea. Mzee alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akautazama kama kitu alichokabidhiwa na mgeni, na damu ikadondoka kati ya vidole kwenye kitambaa cheupe, tone, tone, kisha nyingi.

Sinia liliendelea kuzunguka kwenye saruji, likilia kwa kasi, kisha pole pole, likatulia.

Baba Mkubwa alikuwa bado ameinua bakora. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeazima mkono wa mwingine akaona umetumika vibaya. Aliitupa chini. Halafu, badala ya kumwendea Sifuna, alipiga magoti, kwa shida, goti moja baada ya lingine, akaanza kutafuta chini ya kochi. Alipapasa na kupapasa. Alitoa kijiko, akatoa kiatu cha mtoto. "Iko wapi," alikuwa akisema peke yake. "Iko wapi miwani ya mkwe wangu." Cheptoo alisikia pumzi yake toka pale alipoketi. Mzee wa kanisa, hakuthubutu kuinua macho mpaka alipoipata.

*

Damu ya mkwe haifutwi kwa kitambaa peke yake, lazima wakwe wale pamoja. Hilo halikuhitaji kujadiliwa, pande zote mbili zililijua. Phelista alikwisha kumfunga kaka yake kidole kwa kitambaa safi, akaona mfupa haukuvunjika, akatoka uani bila kusema na mtu. Wakasikia kuku.

Kuku alipoiva waliketi wakwe wawili peke yao mezani, wengine wakingoja pembeni, na sahani moja ikawekwa kati yao, firigisi juu. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mjomba Sifuna aliisukuma sahani kwa mkono mzima mpaka upande wa Baba Mkubwa, akasema mgeni ndiye wa kwanza. Baba Mkubwa akairudisha, akasema yeye leo hastahili hata shingo. Sahani ikaenda, ikarudi. Hakuna aliyekubali kushinda. Ilipokwenda mara ya nne, Wekoye aliuliza kwa sauti ndogo kama hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu, na Phelista akamwambia afunge daftari.

Mwishowe Mjomba Sifuna alichukua kisu kwa mkono wa kushoto, akaikata firigisi vipande viwili visivyolingana, akampa mwenzake kikubwa. Baba Mkubwa alikila huku machozi yakimtoka, na kila mtu akatazama dirishani.

Ungedhani yangeishia hapo. Lakini Mjomba Sifuna alikuwa mwenyekiti, na ajenda ilikuwa bado kabatini. Alifuta mdomo, akamgeukia mpwa wake.

"Haya, Cheptoo. Ilikuwa wafu wanne. Wewe unasema aje?"

Wote walimtazama. Cheptoo alihisi masikio yakiwaka. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka, amewachoka wote, na amewapenda wote mpaka inauma, na labda ni huko kuchoka kulikomfungua mdomo.

"Mmoja, Khocha," alimwambia mjomba wake. "Atakufa mtu mmoja."

"Ati mmoja?" alisema Baba Mkubwa. "Na tulipitisha wanne."

"Hao wanne ningewahesabu tu, Baba Mkubwa. Huyu mmoja itabidi nimjue. Na sitawaambia ni wa upande gani, na sura sitaituma kwenye kundi. Mtaisoma kitabuni kama watu wengine."

Alisema hayo akitazama sakafu, kwa sauti ndogo mpaka ikambidi mtu wa Matulo aulize amesema nini. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na birika tupu. Hakutabasamu, ila alimletea Cheptoo sahani yenye paja la kuku, na paja hilo kwa haki lilikuwa la mtu mzima.

*

Jumapili, baada ya ibada, alifunga mlango wa chumba chake Kibomet, akazima simu, akafuta nyuki wote. Iliwachukua nukta moja kutoweka.

Kisha akakaa. Jirani alikuwa anafua, redio ikiimba. Alijaribu kwanza kuandika jeshi zima kama zamani, upande huu, upande ule, na baada ya mistari sita akaona kumbukumbu za mkutano zikirudi. Akafuta. Akachagua watu wawili tu, akawaweka majini mpaka magotini. Mmoja alikuwa yule kijana wake aliyekatwa begani. Alikuwa anajua tangu Jumamosi kwamba ni yeye atakayekufa, na alikuwa amejifanya hajui.

Aliwaacha wataniane kwanza. Walijuana, walikuwa wamewahi kunywesha ng'ombe pamoja. Mmoja alichokoa ngao ya mwenzake, ikalia, wakacheka kwa sababu ya woga. Mto ulikuwa baridi. Halafu mmoja akasema neno, neno dogo ambalo siku nyingine lisingemuudhi mtu, na Cheptoo akaandika haraka, sentensi fupi fupi, kabla moyo haujamzuia:

"Hakukusudia. Mkono ulitangulia. Mkuki uliingia chini ya ngao, ukaingia kirahisi, na hicho ndicho kilichomtisha, ule urahisi. Mwenzake alimtazama kama anayetaka kuuliza njia. Ushanga wa shingoni ulikatika ukamwagika mtoni. Yule aliyechoma aliuachia mkuki, akapiga magoti majini, akaanza kuzitafuta shanga moja moja kwenye mchanga, maana mtu hawezi kurudishwa kwao bila shanga zake. Nyuma yake watu walikuwa wanapigana. Hakuwasikia. Alipata tatu. Alipata ya nne. Alipoinua kichwa kumwonyesha, maji yalikuwa yamemgeuza mwenzake akatazama upande mwingine."

Alisimama, akachemsha chai. Aliporudi kijana alikuwa bado amekufa. Alilia kidogo, akakasirikia machozi, akakasirikia Madam Jelagat na sungura wake, akaandika mpaka jirani alipoanua nguo.

Jumatatu saa nne kasoro alipanda ngazi za ofisi ya mhariri, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Madam Jelagat alipokea kurasa bila kusalimia vizuri, akachukua kalamu yake nyekundu. Cheptoo aliitazama kalamu. Ukurasa wa kwanza iligusa mahali pawili. Wa pili, mahali pamoja. Wa tatu ilibaki hewani, na baadaye mhariri akaiweka mezani.

Aliuliza huyu anayetafuta shanga ni wa upande gani, maana amerudi nyuma mara mbili hajaona.

"Sijaandika, Madam."

"Nimeona hujaandika." Alizikusanya kurasa, akazigonga mezani mpaka zikalingana. "Acha hivyo hivyo. Mwalimu wa sungura atangoja mpaka mwakani."

Cheptoo alishuka ngazi. Alipofika barabarani akaiwasha simu. Wekoye alikuwa ametuma kumbukumbu za mkutano kwenye kundi, kurasa nne, na kipengele cha saba kilisema mjumbe Cheptoo alikataa maoni ya kamati. Chini yake watu wa Matulo walikuwa wanabishana kama kura ilipigwa. Hajamaliza kusoma, simu ikalia. Alikuwa Baba Mkubwa.

Alisema ametoka kumjulia hali Sifuna, kidole kimevimba lakini kinakunjika. Ng'ombe alilia kwa mbali.

"Huyo mtu wako mmoja," alisema. "Alikufa haraka?"

"Hapana, Baba Mkubwa."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Yule aliyempiga alibaki naye. Alikuwa anamtafutia vitu vyake."

Mzee alivuta pumzi ndefu, Cheptoo akaisikia mpaka mwisho wake. Akasema sawa. Akasema vizuri, mwanangu, hapo umeandika kitu cha ukweli. Cheptoo alisimama kando ya magunia ya mbolea, macho yakimlowa, akafikiri kwamba pengine miaka minne haikuwa mingi.

"Sasa niambie tu mimi, sitamwambia mtu," alisema Baba Mkubwa. "Huyo aliyekufa ni wetu ama ni wao?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Cheptoo alimkatia simu mtu mzima. Baadaye alimtumia ujumbe kwamba mtandao wa Kitale ulikuwa mbaya.